Kumwandaa Mtoto Mwenye Ugumu wa Kujifunza Kurejea Shuleni

Shule zinapokaribia kufunguliwa, Januari na tena Julai, kliniki za watoto hupokea wazazi wenye malalamiko yanayofanana: mtoto aliyecheza vizuri likizo nzima sasa analia usiku, anaumwa tumbo asubuhi na hataki kugusa daftari. Wengi wa watoto hawa wamekwisha kuitwa wavivu. Baadhi yao wana disleksia, yaani ugumu wa kutambua maneno na herufi. Wengine hushindwa kutulia na kuzingatia. Hali hizi hutokana na jinsi ubongo unavyofanya kazi, na aghalabu hurithiwa katika familia. Hazitokani na uvivu wala malezi mabaya.

Maandalizi yaanze wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Alazwe mapema kidogo kila usiku, hadi afikie ratiba ya shule. Kama amehamishiwa shule mpya, apelekwe kuiona mapema: darasa, choo na njia ya kurudi nyumbani.

Mhudumu wa afya apime kwanza macho na masikio, kwani mtoto asiyeona ubao au anayetoka usaha sikioni huweza kudhaniwa hana akili. Aulize pia kuhusu kifafa na dawa anazotumia mtoto. Fenobabito, kwa mfano, huweza kupunguza umakini. Hata hivyo mzazi asiisimamishe ghafla, kwani degedege huweza kurudi kwa nguvu. Amwone daktari.

Kisha mzazi amwone mwalimu wa darasa na kumweleza mambo matatu: anachokiweza mtoto, kinachomshinda na kinachomsaidia. Kuketi mbele, kupewa agizo moja kwa wakati mmoja, kuongezewa muda na kuruhusiwa kujibu kwa mdomo ni misaada isiyohitaji fedha. Kiboko hakimfundishi herufi. Humfundisha kuiogopa shule, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengine waache masomo kabisa.

Wiki za mwanzo zaweza kuwa ngumu. Iwapo baada ya mwezi mmoja mtoto bado anakataa shule, hali vizuri au halali, arudishwe kliniki. Akisema anatamani kufa, aletwe siku hiyo hiyo.