Amani ya Voi na Fedha za Kuisomea

Kijana wa Voi mwenye shahada na nia ya kusomea amani ana milango kadhaa ya kubisha. Wa kwanza uko Kampala, ambako mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Makerere kilipokea kundi la kwanza la Kituo cha Amani cha Rotary, kituo cha kwanza cha aina hiyo barani Afrika. Anayechaguliwa hulipiwa karo, malazi na nauli ya kwenda na kurudi. Mlango wa pili ni wa Umoja wa Mataifa: mafunzo ya upunguzaji silaha yaliyoamuliwa na Baraza Kuu mwaka 1978 na kuanza mwaka uliofuata. Huchukua maofisa vijana wapatao 25 kwa mwaka na kuwapitisha Geneva, Vienna, The Hague na New York, na ziara hizo zimewafikisha wengi Hiroshima na Nagasaki wakajionee miji ambayo kila mmoja uliangamizwa na bomu moja. Huko Costa Rica kuna Chuo Kikuu cha Amani, kilichoundwa kwa azimio la Baraza Kuu la mwaka 1980. Hapa Kenya, chuo cha Hekima cha Wajesuiti jijini Nairobi kina taasisi ya masomo ya amani, na Masinde Muliro cha Kakamega kinafundisha somo hilo hilo.

Thamani ya mafunzo hayo siipingi. Tatizo langu ni mtu anayetarajiwa kuyapata. Umoja wa Mataifa huchagua maofisa wanaopendekezwa na serikali zao, maana yake ni mtu ambaye tayari ana meza wizarani. Makerere huhitaji shahada, uzoefu wa miaka mitano kazini, Kiingereza cha kutosha na wazo la mradi wa kuleta mabadiliko. Kwa chuo kikuu masharti hayo ni ya haki, na lile la uzoefu ni zuri kabisa. Lakini tuwatazame wanaoilinda amani ya Taita Taveta, kaunti yenye mji wa Voi, siku kwa siku: chifu, mwalimu mkuu, mwanachama wa kamati ya ranchi, mama wa kamati ya amani, mzee wa mtaa anayeamshwa usiku kwa sababu tembo wameingia shambani na vijana wameshachukua mishale. Wengi wao hawana karatasi hizo, na hawawezi kuacha familia mwaka mzima ili wakazitafute.

Kaunti hii haikujifunza vita kwa kusimuliwa. Tarehe 15 Agosti 1914, Waingereza na Wajerumani wakiwa hawajamaliza hata wiki mbili vitani, wanajeshi wa Kijerumani waliingia Taveta na kuishika. Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi, na Maktau na Mbuyuni zikageuka kambi za maelfu ya askari kutoka India, Afrika Kusini, Uingereza na Afrika Mashariki yenyewe. Tarehe 12 Februari 1916 walikipanda kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Mwezi mmoja baadaye walipigana Latema na Reata, na njia ya kwenda Moshi ikafunguka. Leo Voi, Maktau na Taveta zina makaburi ya kijeshi yanayotunzwa vizuri, majina yakiwa yamechongwa kwenye mawe. Wabeba mizigo wa Kiafrika, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, wengi wao hawakuachiwa hata jiwe.

Na kuna Kasigau. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu wakazi wa mlima huo kwamba waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, wanaume, wanawake na watoto. Watu waliozoea hewa ya mlimani walitupwa pwani kwenye joto na malaria, na wengi walifia huko. Waliobaki waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1930. Sijui somo la elimu ya amani lililo kamili kuliko hili: tuhuma inayogeuzwa hukumu ya jamii nzima, raia kuadhibiwa kwa vita vya wengine, na watoto kuzaliwa uhamishoni kwa kosa ambalo hawakulitenda. Mwanafunzi wa Voi hahitaji kupanda ndege ili alisome. Anahitaji mwalimu aliyepewa muda na fedha za kukusanya simulizi za wazee wa Bungule, Rukanga na Makwasinyi, kuziandika na kuzipeleka darasani.

Mtaala ungeipokea kazi hiyo. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, Wizara ya Elimu ilianzisha mpango wa elimu ya amani shuleni, na mwaka 2014 ikatoa sera yake rasmi. Amani imo pia kati ya maadili ya msingi ya mtaala wa umilisi. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliandaa programu ya elimu ya amani katika kambi za Dadaab na Kakuma, na vitabu vyake vikaenda kutumika katika nchi nyingine. Kenya basi ilikuwa mwalimu wa dunia katika jambo hili kabla haijawa na sera yake yenyewe. Kinachokosekana vijijini ni mtu wa kulifanya somo lihusu mahali mtoto anapoishi.

Mahali penyewe pana mambo mazito. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti imo ndani ya hifadhi za Tsavo. Sehemu kubwa ya inayobaki ni ranchi na mashamba ya mkonge, na wakulima wamebanwa vilimani na kwenye mabonde yenye maji. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu karibu tembo 15,000 katika eneo zima la Tsavo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, lakini familia zimekuwa zikingoja miaka. Kiangazi kikishika, wafugaji wenye ngamia na ng'ombe huingia kutoka kaunti nyingine kutafuta malisho, na wenyeji hulalamika kwamba baadhi yao huja na bunduki. Ujangili nao uliacha silaha na chuki yake.

Kwa hiyo elimu ya kupunguza silaha haiwezi kuanza na kombora la nyuklia tu. Kenya imefanya yake kwa upande wa chuma: Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo ilitiwa saini mwaka 2004, mji mkuu ukawa makao ya kituo cha kikanda cha kuisimamia, na mwaka 2016 serikali iliteketeza bunduki zaidi ya 5,000 huko Ngong. Naunga mkono moto ule kwa moyo wote. Ila mtu ambaye mahindi yake yameliwa usiku mmoja, ambaye dai lake la fidia halijibiwi na kisima chake kimekaushwa na mifugo ya wengine, bado ana sababu ya kutaka silaha. Anayesomea upunguzaji silaha hapa anapaswa kuijua sheria ya fidia, ramani za ranchi na mapito ya tembo kama anavyojua aina za bunduki.

Wajir ilitangulia kutuonyesha mpangilio wa mambo. Mapema miaka ya 1990 koo zilipokuwa zikiuana, wanawake akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu wa kuzaliwa hapo hapo, walianza kwa kuhakikisha kwamba soko la mji linabaki salama kwa wanawake wa koo zote. Wazee wakaja, vijana wakaja, na mwaka 1993 likapatikana azimio la amani la Al-Fatah. Dekha baadaye akawafunza wapatanishi wa nchi nyingi, akashiriki kuandika kitabu cha mbinu za kushughulikia migogoro, na mwaka 2007 akapewa Tuzo ya Right Livelihood. Kazi ilitangulia, vyeti na tuzo vikafuata. Wangari Maathai naye, aliyeiletea Kenya Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliondoka nchini mwaka 1960 kwa ufadhili wa masomo, akaenda Kansas kusomea biolojia. Hakuna kamati iliyomwandika kama mwanafunzi wa amani. Amani yake ilitokana na kuielewa miti, maji na udongo, na kuelewa kwamba watu hupigania vitu hivyo.

Hapo ndipo Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinaponipa matumaini. Kilipata hati yake mwaka 2016, na kinajulikana kwa uhandisi wa migodi. Kwa fedha za Ujerumani kupitia DAAD, shirika lake la ufadhili wa masomo, na kwa ushirikiano na vyuo vya Dresden na Freiberg, kina kituo cha umahiri wa madini na mazingira ambacho kimewapa wanafunzi ufadhili wa shahada za juu. Taifa ambalo jeshi lake liliishika Taveta mwaka 1914 limewalipia karo vijana wa Kiafrika maili chache kutoka makaburi yale, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Ningeomba nafasi chache kati ya hizo zitengewe wanaochunguza migogoro ya ardhi ya migodi, maana mhandisi asiyejua kuketi na wenye ardhi ataleta ugomvi pamoja na mashine zake.

Ngazi ya chini ya hapo haihitaji mfadhili wa mbali. Katiba imezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na huko kaunti inaweza kuamua yenyewe. Katika ukanda wa Kasigau, mapato ya mauzo ya hewa ya ukaa yaliyoanza kupatikana mwaka 2011 hupitia kamati za wakazi, na sehemu yake huenda kwenye basari. Kamati hizo zina uzoefu wa kugawa fedha mbele ya majirani zao. Ningezipa pia mfuko mdogo wa amani: muhula mmoja wa likizo yenye malipo kwa mwalimu anayekusanya historia, wiki mbili za mafunzo ya usuluhishi kwa chifu na wanakamati wa ranchi kabla kiangazi hakijaanza, nauli za wazee watakaokutana na viongozi wa wafugaji, na gharama za kutafsiri sheria ya fidia kwa Kidawida na Kitaveta. Wa kwanza kulipiwa awe mwenye mgogoro mkononi anaoushughulikia sasa. Fomu ya maombi iwe ya Kiswahili, isizidi kurasa mbili, ipatikane kwa chifu wa Kasigau na wa Mata, na asiyeweza kuandika aruhusiwe kueleza kwa mdomo mbele ya kamati.