Samaki Anayeunga Uti wa Mgongo

Kazi yangu ni fiziotherapia, na wengi ninaowanyoosha miguu waliumia kwa bodaboda. Swali lao huwa moja: "Daktari, mishipa itaota tena?" Ya mkononi au mguuni huota, polepole mno. Ya ndani ya uti wa mgongo, hapana.

Kwa samaki mmoja mdogo, huota. Samaki pundamilia hana hata sentimita tano, kwao ni mito ya India, Nepal na Bangladesh. Mistari yake imelala kutoka kichwani hadi mkiani, kwa hiyo aliyempa jina sijui alikuwa anamtazama pundamilia yupi! George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ndiye aliyemwingiza kwenye utafiti wa jeni mwishoni mwa miaka ya 1960. Kiinitete chake ni angavu kama kioo, hivyo chini ya hadubini unauona uzi wa neva ukikua ndani ya kiumbe aliye hai. Ncha ya uzi ule hutambaa ikipapasa huku na huku. Ikikutana na protini ya netrini, mara nyingi huifuata. Ikikutana na ile ya sliti, hukwepa. Kwa kuvutwa na kusukumwa namna hiyo, uzi hufika unakotakiwa.

Mkate uti wa mgongo samaki huyu akiwa mzima, nusu ya nyuma hupooza. Baada ya wiki kama nane, anaogelea.

Mayssa Mokalled na Kenneth Poss wa Chuo Kikuu cha Duke walieleza mwaka 2016 sehemu ya siri hiyo. Kwenye kingo za jeraha zipo seli za glia, walezi wa neva. Jeni iitwayo ctgfa huamka ndani ya baadhi ya seli hizo, nazo hurefuka kutoka pande zote mbili mpaka zikakutana katikati na kufanya daraja. Jeni hiyo ikiharibiwa, daraja halikamiliki. Walipomwekea samaki protini ya binadamu inayotokana na jeni hiyo, uti uliunga vizuri zaidi.

Maana yake jeni hiyo hata sisi tunayo. Ila kwetu glia hujenga kovu, na ala inayofunika nyuzi zetu ina protini ya Nogo inayozizuia kukua. Jeni moja haitoshi kuyashinda hayo yote, kwa hiyo anayekuuzia leo dawa ya kuotesha uti wa mgongo anakuibia.

Kwa sasa tulichonacho ni kutoongeza jeraha. Ukimkuta mtu ameanguka na pikipiki, usimnyanyue kwa kwapa na miguu wala kumkunja ndani ya bajaji. Kama hakuna hatari nyingine, mwache alale, kichwa na shingo vishikwe visigeuke, na akibebwa awe juu ya ubao.