Chupa ya Dokta Babcock

Katika nchi ya Marekani kila jimbo lina serikali yake, nayo hutoza kodi na kuangalia shule na barabara za jimbo. Habari hii yaonyesha jinsi serikali ya jimbo moja ilivyotumia sehemu ya kodi kwa uchunguzi, na faida ikawarudia watu wake.

Zamani wakulima wa jimbo la Wisconsin walipanda ngano. Waliipanda kila mwaka katika mashamba yale yale, hata udongo ukachoka na wadudu wakala mimea. Basi wengi wakaacha ngano, wakafuga ng'ombe wa maziwa.

Lakini kulikuwa na udanganyifu. Viwanda vya siagi na jibini vilinunua maziwa kwa uzito tu. Mtu aliyetia maji, au aliyeengua mafuta, alilipwa sawasawa na mtu mwaminifu. Kwa hiyo mwaminifu hakuona sababu ya kumlisha ng'ombe wake vizuri.

Mwaka 1883 serikali ya jimbo ilianzisha kituo cha uchunguzi wa kilimo katika chuo kikuu chake mjini Madison. Mwaka 1888 akaja Dokta Stephen Babcock kufanya kazi humo, na mwaka 1890 akatangaza njia ya kupima maziwa. Kiasi fulani cha maziwa hutiwa katika chupa yenye shingo nyembamba, kisha asidi kali huongezwa, nayo huyeyusha kila kitu ila mafuta. Chupa huzungushwa upesi sana kwa mashine, na maji ya moto huongezwa. Mafuta hupanda shingoni, penye alama za kupimia, na kila mtu huweza kuyasoma kwa macho yake.

Tangu hapo maziwa yaliweza kulipwa kwa kadiri ya mafuta yake. Mdanganyifu akajulikana, na mfugaji akamtambua ng'ombe aliye bora. Babcock hakutaka kujiwekea haki ya kuuza chombo chake peke yake, bali alikitoa kwa watu wote. Na wakati wa baridi, theluji ilipofunika mashamba, vijana walikwenda chuoni kujifunza kazi ya maziwa.

Hata leo Wisconsin hutengeneza jibini nyingi kuliko majimbo yote ya Marekani. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Chupa ile ndiyo iliyokuwa daftari ya wafugaji, na serikali ndiyo iliyomlipa mshahara aliyeibuni.