Unauza Miche ya Maua Yanayonukia? Lijue Jani Kabla ya Ua

Mimi niko Kate, huku Nkasi, kitalu changu kiko nyuma ya nyumba. Leo tuongelee miche ya maua yenye harufu. Mtaji wake ni mdogo: viriba, samadi, maji, na vipando ambavyo jirani anakupa bure akipunguza bustani yake. Kinachowaangusha wengi ni kuuza mche wasioujua.

Chukua neno asumini. Huku kwetu kila ua jeupe linalonukia watu wanaliita asumini. Kuna mwalimu mmoja alihamishiwa huku akitokea pwani, ambako asumini ni ile ya kufunga kikuba pamoja na langilangi na rehani. Akauziwa mche na muuzaji mmoja, akaumwagilia mpaka ukachanua. Vikatoka vimaua vyembamba vya kijani-njano, mchana kimya, usiku harufu mpaka kichwa kinauma! Kumbe ni kile kichaka cha kunukia usiku, ambacho vitunda vyake vyeupe vina sumu. Na ndani ana mtoto wa miaka miwili. Aliung'oa siku hiyohiyo, na kwa yule muuzaji hajarudi tena.

Mche wa kitaluni hauna ua, kwa hiyo soma jani. Asumini yenyewe majani yake yanakaa mawili mawili, yametazamana. Kile cha usiku majani yanapishana, moja huku moja kule. Franjipani haikupi shida: shina nene, majani marefu yamejikusanya kwenye ncha, ukilikwaruza linatoa maziwa (yanawasha, nawa mikono). Kuna na ule mti mdogo wa uzio, wenye vijani vingi vinavyong'aa kwenye kikonyo kimoja na maua meupe. Ponda jani lake unuse, utakumbuka mchungwa, maana ni ukoo mmoja. Na yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta? Yananukia vizuri sana jioni, ila mmea mzima ni sumu. Mwenye watoto wadogo mimi simuuzii, hata akiongeza hela. Huyo namuonyesha mlimao: maua yananukia, na limao anapata.

Sasa hali ya hewa. Ufipa tuko juu, zaidi ya mita 1,500, na baridi ya Juni na Julai mnaijua wenyewe. Mlangilangi ni mti wa joto na unyevu. Ndiyo maana unastawi Komoro, wanakokamua mafuta yake ya manukato na kuyauza dunia nzima. Ukimuuzia mtu wa Kate au Sumbawanga mjini, utadumaa, na lawama ni zako. Lakini wilaya yetu hiihii inashuka mpaka Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi. Kirando na Kipili kuna joto, huko ndo soko la langilangi. Wa huku juu muuzie asumini, lakini mwambie aipande kwenye ukuta unaopigwa na jua, isikae kwenye upepo.

Muda nao ni hela. Wateja wanataka miche mvua zikianza, kuanzia Novemba. Kwa hiyo vipando vya asumini naweka kwenye viriba mwishoni mwa Agosti, baridi ikishalegea. Nachagua tawi lisilo changa sana wala gumu sana, refu kama kiganja, naondoa majani ya chini, naweka kivulini na udongo usikauke. Franjipani ina utaratibu wake. Kata tawi la futi moja hivi wakati limepukutisha majani, liache kivulini wiki moja mpaka mbili kidonda kikauke, ndipo upande. Ukilipanda likiwa bado linavuja maziwa, linaoza. Na usilimwagilie kila siku kwa huruma.

Ukipata oda ya ziwani, mwagilia miche jioni ya kuamkia safari, isiwe asubuhi, kiriba kilicholowa sana kinapasuka njiani. Mimi naisimamisha kwenye kreti za soda na kubana nafasi kwa nyasi kavu, halafu naifunika juu kwa kiroba chenye matundu ili upepo wa gari usikaushe majani.