Pini na Bushi za Bedford Kuukuu

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tumekaa juu ya shehena ya lori kuukuu katika njia za udongo za Midia, tukielekea Koboko, na tumeisikia sauti ile: ko, ko, ko, kila gurudumu linapoingia shimoni. Dereva husema gari ni zee tu. Sivyo. Hiyo ni pini ya springi inayocheza ndani ya bushi.

Bedford za aina ya TJ zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958. Springi zake ni mabapa ya chuma yaliyopangwa. Ncha moja imefungwa kwenye chasisi kwa pini. Ya pili inashikwa na shakeli, chuma kinachobembea. Lori likijazwa mzigo springi hunyooka na kurefuka, na shakeli huipa nafasi. Basi pini hujizungusha kidogo kidogo mchana kutwa. Pini ni chuma kigumu, bushi ni laini, ili bushi iliwe kwanza, maana ndiyo rahisi.

Grisi ikikosekana, vumbi husaga vyote viwili. Ekseli huanza kwenda mbele na nyuma, na lori huvuta upande dereva akanyagapo breki. Hapo anayerushwa chini ni kibarua aliye juu ya magunia, si mwenye lori.

Kupima ni rahisi. Chomeka mtaimbo kati ya springi na shakeli, uukweze. Pini ikicheza, au ukiona unga mwekundu wa kutu pembeni mwake, bushi imekwisha.

Kabla ya kufungua, zuia magurudumu, inua chasisi, uiegemeze juu ya stendi au magogo mazito. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Tajiri asemaye jeki inatosha, na aingie yeye. Pini iliyoganda imwagiwe mafuta mepesi na kungojwa. Weka kipande cha shaba kati yake na nyundo, chuma kisiruke machoni. Bushi mpya ikishindiliwa hubana kidogo. Ipanuliwe kwa rima mpaka pini iingie kwa mkono, na tundu la grisi lisizibwe.

Tangu General Motors ilipouza biashara ya malori ya Bedford mwaka 1987, pini nyingine hukerezwa na mafundi wetu wenyewe. Si vibaya, ila nondo ya ujenzi ni laini mno. Uliza ni chuma gani kabla ya kulipa.

Wenye Land Rover za zamani wana bushi za mpira. Hizo hazitaki grisi, na bolti zake hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Vinginevyo mpira hujikunja na kupasuka.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kutunza mitambo iwe salama. Kwa hiyo pini, bushi na grisi si hisani. Kila tawi lidai daftari la grisi likae ndani ya lori: tarehe, springi ipi, na jina la aliyepaka.