Katuni Sebuleni: Mtoto Mdogo Hujifunza kwa Nani?

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, tangu Lamu hadi Vanga, siku ya mtoto mdogo sasa huanza kwa katuni. Mama yuko jikoni na mahamri yake, wakubwa wanatafuta soksi za skuli, na yule wa mwisho, ambaye hata miaka mitatu hajatimiza, huketishwa mkekani mbele ya runinga ili mikono ya mama ipate nafasi. Hatuoni kuwa hili ni jambo la kumlaumia mama. Nyumba ya zamani ilikuwa na nyanya, mashangazi na binti za jirani wa kumbeba mtoto. Leo mama huweza kuwa peke yake na watoto wanne katika nyumba ya kupanga, na runinga ndiyo yaya pekee asiyedai mshahara.

Hata hivyo, kila kina mama wakutanapo, harusini, kwenye hitima au nje ya lango la madrasa, swali hili hurudi: vipindi hivi vya watoto wadogo vina heri au vina shari? Majibu ni mengi. Wiki hii tumependa kuyaweka pamoja na kuyapima kwa insafu, kisha tuseme lile tunaloliona kuwa kubwa zaidi.

Wazazi wasemavyo

Wapo wazazi wanaoona kuwa dawa ni moja tu, nayo ni kuifunga runinga kabisa. Hoja zao si nyepesi. Wanataja muziki, mavazi, uchawi unaofanywa mchezo, na mambo ya watu wazima yanayopenyezwa katika hadithi za watoto. Baadhi yao hutaja pia suala la taswira. Katika hilo wanazuoni wametofautiana, na wale walioona wepesi kwa watoto huegemea mapokezi ya Bi Aisha (R.A.) na wanasesere aliokuwa akicheza nao. Mwenye shaka amwendee sheikhe wake, apate utulivu wa moyo.

Wapo wengine wanaoiona runinga kuwa mwalimu. Mtoto wao ameijua alfabeti kabla ya kuingia chekechea, anahesabu hadi ishirini, anataja rangi na wanyama, na yote hayo hakufundishwa na mtu. Wazazi hawa husema kwamba skuli za leo humtaka mtoto aje na Kiingereza mdomoni, na katuni humpa Kiingereza hicho bila ada.

Kundi la tatu, ambalo twadhani ndilo kubwa zaidi, limesimama katikati. Hawa hawaifungi runinga wala hawaiachi huru. Huchagua kipindi hiki na kukikataa kile, na mara nyingi hawana hakika kama wamechagua vyema.

Kila kundi lina haki yake. Lakini tukiyasikiliza maoni yote matatu, twaona kuwa yamezunguka swali moja tu: kipindi gani? Swali la pili, ambalo kwa mtoto mdogo huenda likawa zito kuliko la kwanza, huulizwa na wachache: nani ameketi naye?

Mfano wa Peppa Pig

Hakuna katuni iliyozua mjadala katika nyumba za Waislamu kama Peppa Pig, iliyoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2004. Jamaa nzima katika hadithi ni nguruwe, na picha zao zimejaa kwenye mabegi, vikombe na fulana za watoto madukani. Wazazi wengine huizima papo hapo. Wengine hujibu kwamba kilichoharamishwa ni kula nyama ya mnyama huyo, na kwamba kutazama picha si kula. Wale wa kwanza nao hurudi na kusema kuwa mtoto aliyempenda nguruwe tangu utotoni hataliona kwa uzito lile katazo akikua.

Hatutaki kuingia baina ya wazazi hawa, kwani kila nyumba ina mchungaji wake. Tunataka tu kukumbusha jambo moja linalosahaulika katika mjadala huo. Katika katuni hiyohiyo, mtoto humcheka babake kwa tumbo lake kubwa na humwita mjinga kwa mzaha, na jamaa yote ikacheka. Kwa adabu zetu hilo ni zito. Baba hachekwi tumbo na mwanawe wa miaka minne. Nguruwe ameonekana kwa sababu yuko mbele ya macho. Neno la utovu wa adabu limepita bila kuonekana, kwa kuwa mzazi hakuwepo kulisikia. Lau angekuwepo, angesema kwa upole, “Sisi baba hatumwambii hivyo,” na somo lingepatikana.

Mtoto mchanga hajifunzi kwa kioo

Sasa tuwatazame wale wadogo kabisa. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha utafiti juu ya watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja la watoto liliketi na watu waliozungumza nao, wakawasomea vitabu na kucheza nao kwa lugha ya Kichina, katika vikao kumi na viwili. Kundi jingine lilipata Kichina hichohicho, lakini kwa runinga. Walipopimwa, waliokuwa na mtu walikuwa wamejifunza kuzitambua sauti za lugha ile ngeni. Wale wa runinga walikuwa kama watoto ambao hawakupata kusikia Kichina kabisa.

Tulitafakari hili kwa muda mrefu, kwani linagusa jambo tulionalo kwa macho yetu hapa pwani. Mtoto wa miaka mitatu, aliyezaliwa katika jamaa ya Waswahili kwa kuukeni na kuumeni, hutaja rangi zote kwa Kiingereza cha katuni. Nyanyake akimwita, “Njoo mwanangu, nipe kile kikombe,” yeye humtazama tu. Ameshika maneno mengi, lakini mazungumzo hana. Rangi na nambari zitakuja, hata akichelewa mwaka. Ulimi wa kuzungumza na nyanyake hautapatikana skuli, na nyanya naye hatakaa milele.

Pengine ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi mtoto aliye chini ya miaka miwili akalishwe kitako mbele ya skrini, na kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne limeweka kikomo cha saa moja kwa siku, likaongeza kwamba ikipungua ni bora.

Mwendo wa picha

Jambo jingine ambalo wazazi hulihisi bila kulipatia jina ni kasi. Zipo katuni ambazo picha hubadilika kila baada ya sekunde chache, sauti hazitulii, na mtoto hukodoa macho bila kupepesa. Ikizimwa, hulia kama aliyepokonywa chakula.

Mwaka 2011, Angeline Lillard na Jennifer Peterson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwagawa watoto 60 wa miaka minne katika makundi matatu. Kundi moja lilitazama katuni ya mwendo wa kasi kwa dakika tisa, la pili likatazama kipindi cha mafunzo chenye mwendo wa taratibu, na la tatu likapewa karatasi na rangi za kuchorea. Mara tu baadaye walipewa kazi za kutaka subira, kumbukumbu na kufuata maagizo. Waliotazama katuni ya kasi walishindwa zaidi kuliko waliochora. Waliotazama kipindi cha taratibu hawakutofautiana na waliochora. Kwa hiyo si kila runinga ni sawa, na mama anayesema kwamba mwanawe “huharibika” baada ya katuni fulani hana wasiwasi wa bure.

Ishara ya kipindi chema kwa mdogo ni hii: kinakwenda pole, kinauliza na kungoja jibu, na hakichoki kurudia. Kipindi cha Blue's Clues cha Marekani, kilichoanza mwaka 1996, kilikuwa kikirudia sehemu moja siku tano mfululizo, kwa sababu waliokitunga waligundua kuwa mtoto hufahamu zaidi kwa kurudiarudia. Walimu wetu wa chuoni walilijua hilo zamani. Alifu, be, te haifundishwi mara moja.

Vipindi vyenye harufu ya kwetu

Twashukuru kwamba mzazi wa leo ana pa kuchagua. Akili and Me, kipindi cha shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ni hadithi ya msichana wa miaka minne aishiye na jamaa zake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala huingia katika nchi ya ndoto, akajifunza herufi, hesabu na tabia njema pamoja na marafiki zake wanyama. Kipo kwa Kiswahili, na watoto ndani yake wanafanana na wetu. Tinga Tinga Tales kilichorwa jijini Nairobi, kwa mtindo uliotokana na mchoraji wa Kitanzania Edward Saidi Tingatinga, na hadithi zake za kwa nini tembo ana mkonga ni nduguze ngano za nyanya. Malaysia wametoa Omar & Hana, katuni za watoto wa Kiislamu zenye dua, salamu na heshima kwa wazazi.

Tusisahau pia kuwa Waarabu wa Ghuba walipokipenda kipindi cha Kimarekani cha Sesame Street, kilichoanza mwaka 1969, hawakukipokea kikiwa kizima. Walitengeneza chao nchini Kuwait mwaka 1979, wakakiita Iftah Ya Simsim, wakakitia Kiarabu fasaha. Na Sesame Street chenyewe kina siri yenye kufaa: watungaji wake walitia mizaha ya watu wazima makusudi, ili mama avutwe kuketi na mwanawe, kwa kuwa waliamini mtoto hujifunza zaidi akiwa na mkubwa wake.

Na tamthilia zetu je?

Hapa yatupasa tuambiane ukweli. Mzazi huweza kuchuja katuni asubuhi, kisha jioni akafungua tamthilia ya Kihindi au ya Kituruki na mtoto yuleyule amelala pajani pake. Hiana, ugomvi wa wake na mama wakwe, na mengine ya chumbani, yote hupita mbele ya macho madogo. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya huweka alama ya GE kwa kinachofaa watu wote, PG kwa kinachohitaji mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Mwaka 2017 bodi hiyo ilitangaza marufuku ya katuni kadhaa za kigeni ikisema zinapingana na maadili. Lakini hakuna bodi inayokaa sebuleni mwetu. Isitoshe, runinga inayonguruma siku nzima bila mtazamaji hupunguza maneno ambayo mzazi humwambia mtoto, na maneno hayo ndiyo chakula cha ulimi wake.

La kufanya

Kwanza, tuweke saa maalumu. Mtoto akijua kuwa katuni ni baada ya uji na huzimwa kikiisha kipindi kimoja, kilio hupungua baada ya siku chache. Wakati wa adhana, wa kula na saa ya kabla ya kulala, skrini zote zifungwe, na za wakubwa zikiwemo.

Pili, tukitazame kipindi wenyewe kabla ya mtoto. Sehemu mbili zatosha kuujua mwendo wake, maneno yake na adabu zake.

Tatu, kwenye simu tuzime ile kawaida ya video moja kuifuata nyingine yenyewe, kwani mtoto huanza na wimbo wa herufi akaishia kusikojulikana.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuketi naye hata kwa dakika kumi. Tumuulize kwa Kiswahili: Yule ni nani? Amefanya nini? Je, amefanya vizuri? Kina baba nao wasidhani hii ni kazi ya mama pekee. Baba arudiye kutoka kazini akaketi mkekani kwa dakika hizo kumi amefanya ulezi.

Na siku ambayo mama hana nafasi, basi sufuria tupu na mwiko, au kuketi karibu na nyanya anayepembua mchele, humfaa mtoto wa mwaka mmoja kuliko kipindi chochote kile.

Wahenga walituambia kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika zama zao ulimwengu ulikuwa nje ya mlango, na mtoto aliufikia akiwa mkubwa. Leo umeingia ndani na kuketi naye angali na nepi. Hatuwezi kuutoa wote, lakini twaweza kuketi baina yake na mtoto. Mola atujaalie subira ya ulezi na atupe watoto watakaokuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.