Nafaka ya Mtoto Haivunjiki kwa Talaka

Asubuhi yoyote ya siku ya kazi, katika Mahakama za Kadhi za visiwa vyetu, iwe Mkokotoni ama Mkoani, wengi wa wanaosubiri kuitwa ni wanawake, na baadhi yao wamebeba watoto. Jambo hili limewafanya watu wasiopenda kufikiri waseme kwamba wanawake wa siku hizi wamezoea kuwashitaki waume zao. Kauli hiyo ni ya uvivu. Mwanamume anayetaka kuvunja ndoa yake hana haja kubwa ya Kadhi. Hutamka talaka au huiandika, na ndoa ikawa imevunjika. Mwanamke ndiye mwenye haja. Bila ya Kadhi hana njia ya kutoka katika ndoa inayomdhuru, wala ya kupata matunzo aliyonyimwa, na mara nyingine hana hata njia ya kuthibitisha kwamba ameachwa.

Yafaa tuieleze safari yenyewe, maana wako wananchi wengi wanaoiogopa kwa kutoijua. Huanzia nyumbani, kwa wazee wa pande mbili, kama Kurani Tukufu inavyoelekeza katika Suratun Nisaa, aya ya 35, kwamba ateuliwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Wakishindwa, mdai huenda kwa Sheha, naye Sheha akishindwa kuwapatanisha humwandikia barua ya kwenda mahakamani. Huko karani humsikiliza mdai, ambaye mara nyingi huyatoa ya miaka kumi kwa mpigo mmoja, ya mume, ya mawifi, ya vyombo na ya shamba, kisha huyapanga maneno hayo katika hati ya madai. Mdaiwa huitwa, hujibu, mashahidi husikilizwa, na Kadhi hutoa hukumu. Asiyeridhika hukata rufaa, na rufaa hizo humalizikia Mahakama Kuu ya Zanzibar. Mahakama ya Rufani ya Tanzania haina mamlaka juu ya mashauri yaliyoanzia kwa Kadhi. Wenye jamaa Dar es Salaam wasichanganyikiwe na hadithi za mabaraza ya usuluhishi ya huko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara, haikupata kutumika hapa.

Milango ya kutoka katika ndoa ni mitatu. Upo wa talaka, ambao ufunguo wake uko mkononi mwa mume. Upo wa khului, ambapo mke hujikomboa kwa kurejesha mahari au kutoa kitu kingine wanachokubaliana. Watu wetu husema amenunua talaka. Na upo wa faskhi, ambapo Kadhi mwenyewe huivunja ndoa kwa sababu iliyothibiti, kama vile mume kushindwa kumlisha mkewe.

Hapa katikati, kati ya khului na faskhi, ndipo penye dhuluma ambayo haisemwi vya kutosha. Wako waume ambao hawamwachi mke wala hawamtunzi. Humtelekeza kwa wazee wake mwaka mzima na zaidi, wakijua kwamba siku moja atachoka na kuja kununua uhuru wake. Kisha bei inapotajwa, haitajwi mahari peke yake. Mume husema: nitakupa talaka yako, ila usinidai chochote kwa ajili ya hawa watoto. Mama aliyechoka hukubali. Mume aliyemdhulumu mkewe hastahili kulipwa kwa dhuluma yake, na dhuluma ikithibiti, mlango wa haki ni faskhi. Ama nafaka ya watoto, hiyo si mali ya mama hata aifanye fidia akawa amemaliza. Ni haki ya mtoto juu ya baba yake. Mama akiahidi kuibeba kisha akalemewa, baba hawezi kusimama pembeni akitikisa karatasi ya khului huku mwanawe analala na njaa.

Tuje katika malezi, ambayo mafakihi huyaita hadhana. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, mama aliyeachwa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumlea mtoto mdogo. Haki hiyo huendelea mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, nao hukadiriwa kuwa miaka saba. Baada ya hapo mtoto huulizwa anataka kukaa na nani. Mama akiolewa na mtu ambaye si jamaa wa mtoto, haki yake husita, lakini haiendi moja kwa moja kwa baba, kama wanavyodhani wengi. Bibi mzaa mama ametangulia. Wapo wanaume ambao, wakisikia tu mtalaka wao ameposwa, humfuata mtoto chuoni wakamchukua, wakaenda kumkabidhi kwa mama wa kambo. Huko ni kuchukua kwa nguvu kitu ambacho sheria imekipangia utaratibu. Mwenye dai alipeleke kwa Kadhi, hukumu itolewe, na mtoto asigeuzwe fimbo ya kumpigia mzazi mwenziwe.

Lakini kusema kweli, kumjua mwenye haki ya kumlea mtoto si kazi ngumu kwa Kadhi aliyesoma Minhaji ya Imamu Nawawi. Ugumu umo katika chakula. Wako akina baba wanaoamini kwamba mtoto akiwa kwa mama yake, basi mama ndiye wa kumlisha. Rai hii haina msingi. Suratul Baqara, aya ya 233, imeweka mzigo wa chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye juu ya baba wa mtoto, kwa kadiri ya ada na uwezo. Na Suratut Talaq, aya ya 6, imempa ujira mama aliyeachwa anayemnyonyesha mtoto wa mtalaka wake. Kulea ni haki ya mmoja, kulisha ni wajibu wa mwingine. Mambo haya mawili hayafutani.

Tuseme Kadhi ameamuru nafaka ya mwezi. Kwa baba mwenye mshahara serikalini au hotelini, jambo ni jepesi, kwa sababu kipato chake kinajulikana. Je, mvuvi aliyekwenda dago pwani ya Kenya, na harudi mpaka upepo ugeuke? Je, mchumaji wa karafuu wa Pemba, ambaye mkono wake una fedha kwa msimu, kisha ukawa mtupu? Watu hawa si lazima wawe waovu. Ila kuwapangia malipo ya kila mwisho wa mwezi ni kuandika hukumu itakayovunjwa, na kila ikivunjwa, anayelipa nauli ya kurudi mahakamani ni mama. Kule Paje na Jambiani ni mwani unaojaza pengo hilo; mwanamke huingia baharini maji yanapokupwa, akainama kutwa, ili alipe deni ambalo si lake. Aya tuliyoitaja imezungumzia ada na uwezo. Kwa nini basi hukumu isimtake mchumaji alipe sehemu kubwa wakati anapopokea fedha zake za karafuu, na mvuvi aache akiba kabla ya kutweka tanga?

Sheria hatukosi. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1985 ilidumu zaidi ya miaka thelathini, ikafuatwa na Sheria Na. 9 ya mwaka 2017, ambayo pamoja na mengine imewapa makadhi uwezo wa kugawa mali waliyoichuma wanandoa. Sheria ya Mtoto, Na. 6 ya mwaka 2011, imeweka maslahi ya mtoto mbele na kuanzisha Mahakama ya Watoto. Kituo cha Huduma za Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimekuwa kikiwasaidia wasiojiweza. Upungufu tunaouona sisi umo katika karatasi na miguu.

Karatasi kwanza. Talaka nyingi huandikwa kwenye kipande cha daftari la mtoto, bila ya tarehe, bila ya shahidi, bila ya kusema ni ya kwanza au ya tatu. Mwanamke hupelekewa na kijana wa jirani. Eda yake aihesabu tangu lini? Akiposwa, atamwonesha nani kipande hicho? Na mume akikana? Talaka bila ya tarehe humfanya mtu asiwe mke wala mtalaka. Masheha, mabalozi wa mashina na sisi sote tuliopewa dhamana ya uongozi hatuna budi kuwahimiza waume waandikishe talaka zao mara tu zinapotoka. Mume aliyeweza kuandikisha vespa yake ataweza na hili.

Kisha miguu. Hukumu ya Kadhi haitembei yenyewe, lazima ikaziwe. Anayejua kama mdaiwa yupo au amesafiri, kama ameuza ng'ombe au amejenga ukuta, si Kadhi aliye wilayani. Ni Sheha. Sheha aliyeandika barua ya kulifikisha shauri mahakamani asihesabu kwamba kazi yake imeishia kwenye muhuri. Apewe nakala ya hukumu, aiweke, na mama akifika kulalamika kwamba miezi mitatu imepita, amwite baba huyo siku hiyo hiyo, kabla hajapanda chombo.